Zamu ya Kujenga Kombewa

Migosi, Kisumu
17 Januari 1999

Ndugu yangu Walter,

Pokea salamu zetu, wewe na Nelima na watoto. Sisi hapa tupo. Dorca wangu bado ana lile jino, halitoki wala haliponi, na amekataa kwenda hospitali kwa sababu anamwogopa yule daktari kuliko anavyoliogopa jino. Watoto wamerudi shule. Mama nilimwona Kombewa Jumapili. Goti linamsumbua lakini mdomo hauna ugonjwa wowote. Mwambie Nelima naandika kwa Kiswahili kama alivyotaka, ili asome mwenyewe asije akadhani tunamsengenya kwa Kijaluo.

Sasa jambo lililonikalisha chini. Kiwandani wanaleta mtandao. Kompyuta zote, za ofisi, za mizani na ile ya chumba cha barafu, zitaunganishwa, kisha ziunganishwe na ofisi ya Nairobi. Unajua tuko wawili tunaozishughulikia, mimi na mwenzangu mmoja aliyeajiriwa juzi. Meneja alituita akasema mwisho wa mwaka atabaki mmoja, yule atakayekuwa na cheti cha juu cha mitandao. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetangaza kwamba kesho maji yatakatwa. Nilitoka pale nikaenda kukausha kibodi ya mtu wa mizani, ambayo imemwagikiwa maji ya samaki tena.

Nakuomba uzunguke vyuo vya huko vinavyofundisha cheti hicho, unilinganishie. Nani ana mashine za kweli, nani ana mwalimu anayejua kazi, nani anakula tu pesa za watu. Wewe unavuta nyaya katika maofisi ya Nairobi kila siku, watu hao unawafahamu. Mimi hapa nasoma matangazo yao gazetini na yote yanasema chuo chetu ndicho bora.

Unajua kwa nini nina haraka, na si kwa ajili ya kazi peke yake. Krismasi mlilala kwa binamu, nyinyi wanne kwenye chumba cha mtu, kwa sababu mimi mkubwa sijatoka kwenda kufungua boma langu, na kwa desturi yetu mdogo hawezi kunipita akajenga kwanza. Umekwama nyuma yangu kama gari dogo nyuma ya trela. Niliona Nelima alivyokuwa akikunja blanketi asubuhi. Mama naye ameniuliza tena: "Absalom, hiyo cheti unatafuta, mtu atalala ndani yake?" Nikamweleza kwamba nikipata cheti kazi itabaki, kazi ikibaki nitajenga nyumba ya matofali, nikishajenga Walter naye atajenga. Akasema, "Hiyo ni mambo mingi sana kwa nyumba moja."

Nimechoka, Walter. Fanya hima.

Kaka yako,
Absalom

*

Umoja, Nairobi
28 Februari 1999

Kaka Absalom,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa jino lake. Sisi tuko salama, ingawa mdogo alikuwa na surua na nyumba nzima haikulala. Nelima amesoma barua yako mara mbili na anasema blanketi lilikuwa lake, anaweza kulikunja apendavyo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi imekuwa nyingi, na pia nilitaka nikupe habari kamili. Inachekesha kidogo kwamba watu wawili wa mitandao bado tunalamba stempu. Basi nimevizunguka vyuo vitatu.

Cha kwanza kiko upande wa matajiri. Kuna zulia. Msichana wa mapokezi alinipa maji ya chupa kabla ya kuniuliza jina. Mashine zao ni mpya, kila mwanafunzi na yake, na mtihani unafanyiwa hapo hapo. Mwalimu huja kwa ndege, hufundisha wiki chache, huondoka kwa ndege. Huwezi kumfuata umuulize ulichokosa kuelewa. Karo yake sitaiandika hapa, shemeji asije akaumwa na jino la pili.

Cha pili kinakuahidi kufaulu. Wamelibandika hilo hata mlangoni. Wanakupa maswali na majibu yaliyopigwa nakala, unayakariri kama katekisimu. Nilikutana ngazini na mtu aliyetoka hapo na cheti, nikamwuliza neno moja la kawaida kuhusu ruta, ile mashine inayoelekeza mawasiliano kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Akanitazama kama nimemwuliza jina la babu yangu. Achana nacho.

Cha tatu kiko karibu na River Road, juu ya duka la magodoro. Mwalimu ni mmoja, anaitwa Walubengo, mtu wa Bungoma kama wakwe zangu. Ana ruta mbili na swichi chache kuukuu za kuunganishia kompyuta, lakini zinawaka. Mnazifungua, mnaziharibu, mnazitengeneza. Watu ni wengi kuliko mashine kwa hiyo kuna foleni. Mtu akikosea yeye husema "Rudia," halafu anakwenda kusimama dirishani akitazama barabara. Hamsifu mtu. Ukienda, usikae kwenye mashine ya tatu kutoka mlangoni, kebo yake imelegea; ukigusa meza tu umepotea mtandaoni, na utadhani kosa ni lako. Mwenyewe anasema wazi kwamba nusu ya wanafunzi wake huanguka mara ya kwanza. Ningekuwa wewe, ningekwenda kwake. Darasa ni la jioni, na pa kulala unapajua.

Kuhusu boma, usiwe na wasiwasi juu yetu. Sisi tunasubiri tu. Kwanza cheti chako.

Mdogo wako,
Walter

*

Migosi, Kisumu
11 Aprili 1999

Ndugu yangu Walter,

Poleni na surua. Sisi tunaendelea. Jino limetoka lenyewe Dorca akila muhindi, na sasa anamsimulia kila mtu kama mama aliyejifungua salama. Mama anawasalimu.

Huku ziwa limefunikwa na magugu maji mpaka ukitazama kutoka gatini unaweza kudhani ni shamba la mtu. Mashua zinakwama humo. Na kama umesikia redioni, Wazungu wamekataa samaki wetu, wasiingie kwao. Kiwandani tunafika asubuhi, tunavaa makoti meupe, tunatazamana. Meneja anasema ni mambo ya muda. Nyaya za mtandao zimeshaletwa, ziko stoo ndani ya maboksi. Mwenzangu anayapangusa vumbi kila siku ili aonekane.

Asante kwa kazi uliyofanya. Umechunguza kweli, mpaka kebo ya mashine ya tatu. Nimeielewa hoja yako juu ya Walubengo. Lakini hapa Kisumu nako kimefunguliwa chuo, juu ya duka la dawa, kinafundisha cheti hicho hicho Jumamosi na Jumapili mchana. Nimekwenda kukiona. Mwalimu ni mama mmoja, Nabututu, na ni mwalimu mzuri, simlaumu kwa lolote. Ila chuo hakina ruta. Zimeagizwa, ziko njiani kutoka Mombasa, na zimekuwa njiani tangu mwaka jana. Kwa hiyo Nabututu ameichora ruta ubaoni, kubwa, kwa chaki, akaiwekea na zile taa ndogo za kijani. Nilimwuliza, "Sasa mwalimu, hiyo tutashika lini?"

"Ikifika."

"Inafika lini?"

"Bwana, wewe chora kwanza."

Nikachora. Nilikuwa mtu mzima kuliko wote mle ndani, Walter, nikaazima penseli ya rangi kwa binti mmoja.

Sijaamua. Nairobi ni mbali na mtu hawezi kuacha kazi katika wakati kama huu, maana wenye makoti meupe ndio watakaohesabiwa kazi ikirudi. Niandikie tena juu ya mtihani wenyewe ulivyo, kama umesikia chochote.

Kaka yako,
Absalom

*

Umoja, Nairobi
30 Mei 1999

Kaka Absalom,

Nimefurahi kwa habari ya jino. Mpe shemeji pongezi zangu. Sisi tuko wazima, mkubwa ameanza kusoma na anasoma kila kitu kwa sauti, hata maandishi ya kwenye chumvi.

Tafadhali usiende kwenye chuo cha chaki. Nakuomba kama mdogo wako. Mkono lazima ushike kitu. Mtihani huu haukuulizi ruta inafananaje, unakuuliza imekataa kuwaka, wewe utafanya nini. Njoo kwa Walubengo. Omba likizo bila malipo. Utalala sebuleni, watoto watakusumbua kidogo, Nelima amesema atakupikia samaki, ingawa kwa vile ni wa Nairobi hutawatambua.

Umeuliza juu ya mtihani. Unafanywa kwenye kile chuo cha zulia. Wanachukua saa yako na kalamu yako, wanakupa kibao cheupe cha plastiki na kalamu yao. Kompyuta inakuletea swali moja moja, na ukishajibu limekwenda, huwezi kulirudia hata likikuchoma moyo. Karibu na mwisho kuna swali refu kama mahubiri, lina mchoro wa matawi ya benki. Usilipe muda wako wote. Kile chumba kina baridi mno, vaa sweta ndani ya koti. Ukimaliza, matokeo yanatoka hapo hapo kwenye mashine iliyo kwenye kona, na inachapa polepole, mstari kwa mstari, mpaka unatamani kuivuta karatasi. Hayo ndiyo niliyoyasikia.

Kuna jambo jingine. Kaka zake Nelima walikuja kutoka Bungoma. Walimwuliza nyumba yake Kombewa iko upande gani wa boma. Aliwajibu kwamba mume wake yuko kwenye foleni. Walicheka, naye akacheka, lakini walipokwenda alikaa jikoni muda mrefu akisugua sufuria iliyokuwa safi tayari. Sikulaumu. Nakwambia tu ili ujue kwamba cheti hiki si chako peke yako.

Kuhusu kazi yangu, hakuna jipya.

Mdogo wako,
Walter

*

Mamboleo, Kisumu
18 Julai 1999

Ndugu yangu Walter,

Habari za huko? Sisi tupo. Nakuandikia kutoka Mamboleo, kwa Simeon Irungu, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyekuwa akimuuzia Baba misumari. Namsaidia kidogo siku hizi. Ni mtu mwema. Mke wake Waithira ananiletea chai kabla sijahisi kiu, halafu wote wawili wananiuliza habari za kompyuta kwa heshima sana, kama watu wanaomwuliza mgonjwa habari za homa yake.

Nimejiandikisha kwa Nabututu. Najua utakasirika. Nimesoma hoja zako zote na zote ni za kweli, lakini mtu hupimwa kwa alicho nacho. Naweza kwenda kwa miguu kutoka Migosi na kurudi. Ninachora vizuri sasa. Juzi Nabututu aliniita ubaoni niwaonyeshe wengine njia ya data kutoka tawi moja hadi jingine, nikachora mpaka mkono wangu ukawa mweupe wote. Waliponipigia makofi niliona haya.

Mambo ya kiwandani ni yale yale.

Kaka zake Nelima hawakukosea kuuliza. Mwambie nimesikia.

Mama anasema umempelekea sukari na majani ya chai na pesa, tena nyingi kuliko kawaida. Aliuliza, "Walter amepata wapi?" Nikamwambia Nairobi ni Nairobi.

Absalom

*

Umoja, Nairobi
12 Septemba 1999

Kaka Absalom,

Salamu kwa wote. Sisi tuko salama, nami sina moyo wa kuongeza mengi hapo.

Nilipata nafasi ya kutumia simu ya ofisi, nikapiga kiwandani ili nikusalimie. Msichana aliyepokea alisema hupo. Nikamwuliza utarudi lini. Akaniuliza mimi ni nani wako. Nikamwambia nitapiga siku nyingine. Sikupiga tena.

Sikuulizi neno. Wewe ni mkubwa, utasema utakapotaka. Ila nakutumia ndani ya bahasha hii maelezo ya masomo ya Walubengo, nimeyanakili kwa mkono wangu mwenyewe, yale ya ruta yote. Yafuate hatua kwa hatua. Pale nilipopigia mstari ndipo watu huanguka. Mimi ninakutegemea ufaulu, Kaka, kuliko unavyodhani. Kuna mambo yangu yamesimama kando ya barabara yakikungoja wewe upite.

Nelima anasema asante kwa "nimesikia" yako.

Walter

*

Umoja, Nairobi
21 Novemba 1999

Kaka Absalom,

Nategemea mko wazima, maana sina njia nyingine ya kujua. Barua yangu ya Septemba haikujibiwa.

Jana nilikutana na Walubengo kituoni. Alikuwa amewapeleka wanafunzi wake mtihanini kwenye kile chuo cha zulia. Aliniambia, "Omera, ndugu yangu, kuna mtu alikuwa hapo Alhamisi anaitwa Amolo kama wewe. Sura ni yako, ila amechoka." Akasema ulikuwa umevaa sweta ndani ya koti. Ulipotoka ulisimama kando ya ile mashine ya kona, ukasoma karatasi yako, ukaikunja ndogo, ukaiweka kwenye soksi. Akafikiri kwamba unakuja kwangu.

Ulikuja Nairobi ukarudi Kisumu bila kugonga mlango wangu. Watoto wako hapa, Nelima yuko hapa, sebule iko hapa. Nimeumia, Kaka. Nimeumia na nimekasirika, na siwezi kumwambia mtu, kwa sababu nikimwambia Nelima atauliza kwa nini. Umenifanya mgeni.

Sijali karatasi ilisema nini. Andika.

Walter

*

Kombewa
12 Desemba 1999

Ndugu yangu Walter,

Salamu kwenu nyote kutoka nyumbani. Mama ni mzima, goti limetulia tangu mvua ziishe. Dorca yupo hapa nami. Watoto wamefunga shule. Ng'ombe wa Baba Mdogo Ochieng amezaa na hakuna anayeruhusiwa kuzungumza habari nyingine mbele yake.

Karatasi ilisema nimeanguka. Si kwa mengi, lakini mtihani haukopeshi. Swali la benki lilikuja, nikalipita haraka kama ulivyonifundisha. Nilichoshindwa ni yale ya mwisho, ambapo wanakupa ruta iliyokataa kuwaka na vitufe vyake kwenye kioo, wakasema itengeneze. Niliijua ruta ile kila upande, Walter. Ningeweza kuichora nimefumba macho. Nilipotakiwa kuishika, mkono wangu ulisimama.

Sikuja kwako kwa sababu nilijua ungefungua mlango na kuniangalia usoni kabla ya kunisalimia. Nilikaa kituo cha basi mpaka basi likaondoka. Ilikuwa vibaya, na naomba Nelima asiichukulie kuwa ni yeye.

Kazi ilikwisha Mei. Samaki walipokosa pa kwenda walitupunguza, mimi na mwenzangu siku moja, yeye na kitambaa chake cha vumbi mkononi. Mtandao haukuwekwa. Yale maboksi yako stoo mpaka leo. Kwa hiyo tangu Mei nilikuwa nasomea cheti ambacho hakuna aliyenidai, kwa sababu nilishamwambia kila mtu kwamba kikija nitajenga, na sikuwa na neno jingine la kumwambia Mama. Mnielewe wewe na Nelima: si kwamba nilikudharau nilipokataa Nairobi. Sikuwa na nauli wala pesa za kukaa huko, na nilichoka kuwa mtu wa kusaidiwa.

Sasa nikuambie na lako. Ulidhani mimi ni mtoto? Kebo ya mashine ya tatu nilidhani ni udadisi wako tu. Lakini mtu aliyesikia habari za mtihani hajui kama chumba kina baridi, na hajui kwamba karatasi inachapwa mstari kwa mstari mpaka utamani kuivuta. Barua yako ya Mei niliisoma dukani kwa Irungu nikaiweka chini, nikamwambia Waithira, "Mdogo wangu amefaulu." Akaniuliza amekuandikia? Nikasema hapana, na hataandika. Kisha ulipomtumia Mama zile pesa nikajua na mshahara umepanda. Nakisia kampuni yako ilikulipia, ukasoma kwa Walubengo jioni, ukapata cheti kabla hata barua yangu ya Januari haijakufikia, ukakifungia sandukuni. Unizungukie vyuo wewe uliyekwisha maliza.

Nilikasirika, usidhani sikukasirika. Siku kadhaa sikutaka hata kuona maandishi yako. Ulinihurumia, na hilo ndilo lililoniuma, kuliko kupunguzwa kazi. Lakini baadaye nilianza kucheka peke yangu pale kwenye misumari, mpaka Irungu akatoka nyuma kutazama. Ni nani alikuambia kwamba cheti nacho kina zamu kama boma? Baba hakuwa na desturi hiyo. Babu hakuwa nayo. Wewe ndiye umeileta, mtu wa kompyuta. Ulimnyima Nelima furaha mwaka mzima, yeye anayejua kila kitu cha nyumba yako isipokuwa hiki, kwa sababu mkubwa wako hajapita.

Nilipotoka Nairobi sikushuka Kisumu. Nilikuja moja kwa moja hapa, nikamwambia Mama yote, kazi na mtihani. Alikuwa akichambua dengu. Hakuacha. Akasema, "Hata mimi najua. Dorca aliniambia tangu mwezi ya sita." Halafu akauliza, "Sasa matofali iko wapi?" Nikasema hakuna matofali. Akasema, "Baba yenu alitoka na matofali?"

Baba hakutoka na matofali. Alitoka na jogoo na shoka, na nyumba ilisimama jioni. Mimi ndiye niliyeweka matofali katika desturi, kwa sababu nilitaka watu wapite barabarani waseme hapo ndipo kwa Absalom wa kompyuta. Miaka yote hiyo desturi ilikuwa inanidai siku moja tu, na nilikuwa nayo.

Basi Jumamosi iliyopita Baba Mdogo Ochieng alitangulia njia, akiwa na hasira kwa sababu ya kumwacha ndama. Mtoto wangu wa kwanza alibeba jogoo. Mimi nilibeba shoka, Dorca alibeba moto kwenye kigae. Tulivuka ule mtaro tukaenda upande wa mkuyu mdogo uliojiotea. Majirani walikuja na miti na kamba. Irungu alituma mabati kutoka Mamboleo, ya zamani yenye matundu, na Waithira alituma misumari akasema ni ya kumkumbuka Baba. Wanawake walikanda udongo. Jua linazama nyumba imesimama, imeegemea kidogo upande wa ziwa, lakini imesimama. Dorca aliwasha moto ndani, tukalala humo. Asubuhi matundu ya mabati yalikuwa yameangaza sakafu yote, na Dorca akasema tutayaziba kabla ya masika. Nilimpenda sana kwa hilo.

Nimetoka, Walter. Njia iko wazi. Baba Mdogo amekubali kukutangulia tarehe ishirini na tisa, maana ndama atakuwa ameshakua kidogo. Njoo na Nelima na watoto. Mwambie ajichagulie mwenyewe mahali mlango utakapotazama, na awaalike kaka zake waje kuona ni upande gani. Safari hii mtalala kwenu.

Kuhusu mimi, Irungu anataka kuweka kompyuta dukani, moja tu, isiyounganishwa na kitu chochote. Nimemwambia hiyo naiweza. Mwezi wa tatu Nabututu ameahidi kwamba ruta zitafika. Nitakwenda kuzitazama. Labda nitarudia mtihani, labda sitarudia, usiniulize mpaka nikuambie mwenyewe.

Mama nimemwambia juu ya cheti chako. Akauliza kama kina picha yako. Nikasema sidhani. Akasema kiletwe hivyo hivyo.

Kwa hiyo kitoe sandukuni. Umwonyeshe kwanza Nelima, leo, kabla hujamaliza kukunja barua hii. Halafu uje nacho. Wewe bado huna ukuta hapa, na wangu hauna kitu. Msumari nimeshaugonga.

Kaka yako,
Absalom